Ulanzi wa Kilolo au waini ya Dodoma: uende wapi wakati korona haijaondoka

Mpwa wangu wa Dar es Salaam alinipigia wiki ya kwanza ya Januari hii ya 2022. "Mjomba, shikamoo. Tunakuja Iringa mwezi wa pili, tuko watu sita. Tunataka kutembelea sehemu wanapotengeneza kinywaji, tuone, tuonje. Sasa, twende Dodoma kwenye zabibu au kuna kitu hukohuko?" Huku kwetu kuna ulanzi wa Kilolo, pombe ya utomvu wa mianzi, lakini nikamwambia asubiri, nitamwandikia, maana jibu la kwenye simu lingekuwa "njooni tu", na "njooni tu" imeshatuponza mara mbili tangu ugonjwa huu uingie.

Kwanza tuelewane hili neno kufunguliwa. Afrika Kusini, wenye mashamba ya zabibu yasiyohesabika, serikali ilipiga marufuku kuuza pombe kuanzia tarehe 27 Machi 2020, na mageti yakafungwa kweli. Sisi hatukufungiwa ndani. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, shule zikafungwa, mikusanyiko ikazuiwa, mabasi yakaambiwa levo siti, yaani abiria wote wakae, hakuna kusimama. Vilabu vya pombe, huku kwetu, vilifungwa kwa neno la mwenyekiti wa mtaa au kwa woga wa mwenye kilabu mwenyewe. Kilabu cha jirani yangu kilifungwa kwa gogo lililolazwa mlangoni, na watu wakawa wanaingilia uani. Shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni mwaka uleule, gogo likaondolewa, ikawekwa ndoo ya maji tiririka yenye koki na kipande cha sabuni kwenye soksi. Baada ya miezi kadhaa nikaikuta ile ndoo ndani. Ilikuwa imejaa ulanzi, koki yake ndiyo ya kumiminia.

Kwa hiyo mtu akikwambia "siku hizi kumefunguliwa", muulize kumefunguliwaje. Nikiandika haya, Januari 2022, kirusi kipya cha Omicron kimetufikisha kwenye wimbi la nne, chanjo zipo tangu Rais Samia alipochanjwa hadharani tarehe 28 Julai 2021, na watu wa kila namna wanakaa benchi moja: aliyechanja, aliyekataa, na anayekwambia alijifukiza akamaliza kazi. Ulinganisho huu nauandika nikiwa na picha hiyo kichwani.

Kikombe kimetoka kwa nani

Wengi wakilinganisha ulanzi na waini huanza na hadhi. Mimi kwa miaka miwili hii naanza na kikombe: nani amekinywea kabla yangu, na kikitoka kwangu kinakwenda kwa nani.

Kilabuni huagizi glasi. Unaagiza lita, inaletwa kwenye kopo la plastiki, na kopo linazunguka kwenye benchi. Mnunuzi mmoja, wanywaji wanne, na mpita njia akisalimia "kamwene" naye anapewa funda lake. Ukikataa kopo, aliyekataliwa ni mtu, si ulanzi. Tena kabla kopo halijakufikia, muuzaji mwenyewe anapiga funda la kwanza mbele yako ili uone kwamba ndani hamna kitu kibaya. Ni heshima ya zamani, na mwenye hofu ya sumu inamtuliza vizuri sana. Mwenye hofu ya korona ndiyo inammaliza.

Februari mwaka jana, wakati wa wimbi lile lililoondoka na watu wengi tuliowafahamu, nilikwenda kwa mama mmoja ambaye nimekunywa kwake miaka. Alipoinua kopo aonje, nikamwambia, "Mama, leo usinionjee, nakuamini."

Akalishusha polepole. "Kwa hiyo, baba, unasema mimi nina ugonjwa?"

Benchi zima likanyamaza. Nikajitetea kwamba huenda mwenye ugonjwa ni mimi, nimetoka Dar juzi tu, na nilipotaja Dar yule niliyekaa naye bega kwa bega akasogea hadi ncha ya benchi. Mama akaingia ndani. Akatoka na kikombe chake cha bati chenye maua mekundu, akajimiminia kutoka kwenye jagi lilelile, akanywa huku ananitazama usoni, halafu akanijazia kikombe changu nilichokuwa nacho kwenye mfuko wa koti. "Haya. Umeona?"

Tangu siku hiyo ndivyo anavyomfanyia kila mgeni, na nimeukuta utaratibu huo kwenye vilabu vingine viwili. Nawe fanya hivyo: kikombe chako, jagi la muuzaji, naye aonje kwa kikombe chake. Usiseme unaogopa. Sema umezoea kikombe chako, watakucheka kidogo kisha watasahau.

Dodoma, kwenye kikombe, inashinda bila ubishi. Unapewa glasi yako, imeoshwa, imefutwa, inang'aa, na hakuna anayekuonjea. Kama mambo yangeishia kwenye kikombe ningekuambia panda basi la Dodoma kesho.

Lakini hewa ni ya nani?

Hayaishii hapo. Kirusi hiki kinapanda hewa. Kinakaa ndani ya chumba kama moshi wa sigara, na glasi inayong'aa haikisumbui.

Septemba iliyopita nilikwenda Dodoma wakati wa mvuno. Nje kwenye shamba palikuwa pazuri ajabu: mistari ya mizabibu kwenye nyaya, akina mama na vijana wanakata vichala kwa mikasi na kuvitupia kwenye kreti, kila mtu na mstari wake, upepo wa Dodoma unapuliza vumbi na kila kitu kingine. Pale hata barakoa ilikuwa kwa ajili ya vumbi. Kisha tukaingizwa kwenye chumba cha kuonjea. Madirisha yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi, na kiyoyozi kimewashwa kwa sababu waini haipendi joto. Tulikuwa kumi na wanne, tisa kati yetu kundi moja lililotoka kwenye semina. Mlangoni tulipimwa joto kwa kile kibastola cha paji la uso, tukapakwa kitakasa mikono, tukaketi, na wote kumi na wanne tukashusha barakoa kidevuni kwa pamoja. Ungefanyaje? Hakuna aliyewahi kuonja waini kupitia kitambaa.

Na kuna ndoo. Kuonja kitaalamu ni kuzungusha glasi, kunusa, kupiga funda, kulisukasuka mdomoni, kisha kulitema ili usilewe kabla ya glasi ya tano. Ndoo ya kutemea ilikuwa moja, katikati ya meza. Nikaiangalia, nikaamua kumeza. Glasi ya nne nilikuwa nimeacha kuuliza maswali, na maelezo ya aina ya sita ya waini siwezi kukusimulia hadi leo. Ukienda, omba mapema kikombe chako cha kutemea. Wenye viwanda katika nchi nyingine walihamia huko mapema, na gharama yake ni kikombe cha karatasi. Omba pia kuonjea nje, chini ya mti. Nilipouliza baadaye niliambiwa, "Mngesema tu, mbona meza zipo." Hatukusema.

Sasa linganisha na mahali ulanzi unapotoka hasa, ambapo watu wa mjini hawafiki. Kutoka Iringa mjini unateremka Ipogolo, unashika barabara ya Kilolo, na baada ya muda unaanza kuona vichaka vya mianzi kandokando ya nyumba na mabondeni. Hiyo mianzi ina wenyewe. Kila kichaka kina ukoo wake na kinarithiwa kama shamba, kwa hiyo huingii hovyo. Unapita kwa mwenyeji, unasalimia, unasema shida yako. Saa moja asubuhi ukungu bado umelala, na mgema anatembea kutoka chipukizi hadi chipukizi na kisu chembamba kilichonolewa hadi kinang'aa upande mmoja tu. Huyu si mgema wa minazi ya pwani, hapandi popote. Anasimama tu, anashika mwanzi mchanga uliokatwa ncha, anafungua mbeta iliyofungwa pale (nayo ni pingili ya mwanzi mkavu), anamimina kilichojaa usiku kwenye kidumu, halafu anachonga kidonda upya. Kipande anachotoa ni chembamba kama ganda la kitunguu. Akikata kinene anaumaliza mwanzi kabla ya msimu, akiacha kuchonga kidonda kinajifunga na utomvu unakauka. Asubuhi na jioni, kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

Nyuki wanakuwa wengi, na wengine wamelewa. Wanachujwa.

Pale mko watu wanne katika eneo la uwanja wa mpira, hewa ya mlimani inapita, na ulanzi unamiminwa kutoka mbeta moja kwa moja kwenye kikombe ulichokuja nacho. Nimefikiria sana na sijapata mahali pengine pa kuonjea kinywaji wakati wa korona panapopita hapo. Kinachonishangaza ni kwamba ukiwauliza watu wa mjini watakwambia Dodoma ni salama kwa sababu ni kiwanda, kuna vigae na koti jeupe, na ulanzi ni hatari kwa sababu ni wa kienyeji. Wamechanganya usafi na hewa. Tena wamechanganya kichaka na kilabu, kwa sababu ulanzi huohuo, saa moja usiku, ndani ya chumba cha bati chenye watu arobaini na redio inayowalazimisha kupigiana kelele masikioni, ndio ninaokukataza kabisa. Kwa usalama peke yake: kichaka cha mianzi kwanza, shamba la zabibu linafuata kwa karibu, chumba cha kuonjea kiko mbali, kilabu cha usiku usikitaje.

Kuna na wale wanaosema pombe yenyewe inaua kirusi kooni. Kitakasa mikono kinatakiwa kiwe na kileo kisichopungua asilimia 60. Waini ina kama 12 hadi 14, ulanzi uliochacha huwa kama 5. Piga hesabu mwenyewe kabla ya kuagiza dozi.

Njia, na kalenda

Kutoka Iringa mjini kwenda vichakani unaondoka alfajiri na saa sita mchana uko nyumbani. Tatizo ni kwamba ulanzi unatoka wakati wa mvua, kuanzia Desemba au Januari hadi kama Mei, na mvua hiyohiyo ndiyo inayofanya njia za vijijini ziteleze kama sabuni. Njoo na buti. Raba nyeupe zako za Dar utaziacha Kilolo, nilishamwona mtu akizichimbua na jembe.

Iringa hadi Dodoma ni kilomita 260, lami tupu. Barabara hiyo ilifunguliwa rasmi Aprili 2018, na sisi tunaokumbuka vumbi la kabla ya hapo bado tunaisifia. Unateremka milima ya Nyang'oro, joto linakupokea, unafika Mtera bwawani ambako hakuna sababu ya kupita bila kula samaki wa kukaanga, kisha mibuyu na vichaka hadi Dodoma. Ni safari nzuri. Ila ni saa nne au tano za basi kwenda na nyingine kurudi, na huwezi kuonja waini mchana ukapanda basi la jioni ukafika mzima, kwa hiyo kuna kulala. Levo siti imebaki historia. Madirisha ya basi yafungue wewe, na mtu wa mbele atayafunga kwa sababu ya upepo, na hapo ndipo utajua kwamba hatari ya kwenda Dodoma iko barabarani zaidi ya kiwandani. Kama mna gari, na dereva ambaye hanywi, hesabu inabadilika kabisa.

Kwenye kalenda Dodoma ina bahati ambayo Ulaya hawana: hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, hivyo wakulima wanapunguza matawi na baada ya kama miezi minne wanavuna, mara mbili kwa mwaka. Mvuno mmoja unaangukia karibu na Februari na Machi, mwingine Agosti na Septemba. Wa kiangazi ndio ninaoupenda mimi: zabibu hazijanyweshwa mvua, sukari imejikusanya, na ukungu wa majani haujazishambulia sana. Mkifika mwezi wa pili kama mlivyopanga, mtakutana na mvuno wa kwanza na pia ulanzi uko kileleni. Ni kipindi pekee ambacho swali lako lina maana, maana Agosti ningekujibu kwa neno moja. Mianzi wakati huo imekaa kimya.

Jambo jingine: miadi. Mara ya kwanza nilikwenda bila kupiga simu, Novemba 2020. Mlinzi alikuwa mstaarabu sana. "Ndugu yangu, wageni siku hizi ni kwa miadi, na kundi lisizidi watu kadhaa." Nikamwambia nimetoka Iringa. Akasema pole, akaniletea maji ya kunawa, nikanawa, nikageuza. Kilomita 260 kunawa mikono. Zabibu nilinunua stendi kwenye boksi, zilikuwa tamu. Mgema wa Kilolo hahitaji miadi, ila mtumie mtu salamu jana yake, asije akawa amekwenda msibani.

Ladha, na pua yako

Nikuulize swali la adabu: uliwahi kuugua? Na pua ilirudi? Shemeji yangu aliugua mwaka jana mwanzoni, akapona vizuri, lakini harufu zilimpotea miezi mitatu. Nilimpelekea waini nyekundu ya Dodoma nikidhani namliwaza. Akanusa, akanywa, akasema, "Ni maji makali." Waini nusu yake iko puani. Ile habari ya plamu, tumbaku, ngozi, yote hunuswa. Kama pua haijarudi usipoteze nauli. Ulanzi kwa mtu wa hivyo bado una kitu: utamu uko kwenye ulimi, ukakasi uko kwenye ulimi, na gesi yake inachoma kidogo kooni. Shemeji alikunywa mtogwa akatabasamu kwa mara ya kwanza.

Mtogwa ndio ule wa leo asubuhi, mtamu, mweupe kama maji ya kuoshea mchele, unaoweza kuunywa ukadhani ni juisi. Ukilala unakuwa mkangafu, mkali, mchachu, na huo ndio wanaoupenda wazee. Hakuna anayeutia hamira. Chachu iko ndani ya mbeta yenyewe tangu jana na juzi, kwa hiyo utomvu unaanza kuchacha ukiwa bado unadondoka. Ndiyo maana ulanzi wa kila kichaka, na wa kila saa ya siku, si uleule. Ukitaka kujifunza kitu, kunywa kikombe kimoja saa moja asubuhi na kingine kutoka kidumu hichohicho saa kumi jioni. Somo hilo la uchachuaji hutalipata kwenye matangi ya chuma ya kiwandani, ambako unaambiwa tu kwamba ndani kuna kazi inaendelea.

Lakini Dodoma ina somo lake, na hapa siwapendelei watu wangu. Kule kuna historia inayoshikika: wamisionari Wakatoliki wa Bihawana walioleta mizabibu katikati ya karne iliyopita, wakitaka divai ya altare, kituo cha utafiti cha Makutupora kinachoshughulika na zabibu, ambacho jina lake limepewa hata aina moja ya zabibu nyekundu, Hombolo na Mpunguzi ambako mkulima mdogo mwenye eka moja anakueleza kwa uchungu jinsi zabibu zilizoiva zisivyosubiri mnunuzi. Zungumza na mkulima kabla ya kuingia kiwandani. Kiwandani utasikia habari za aina za zabibu, Chenin Blanc na Syrah, kwa mkulima utasikia bei. Waini nyekundu kavu ya Dodoma kwangu ni nzuri kuliko watu wa Dar wanavyoisema, na nyeupe naiachia wenye mapenzi nayo. Ile tamu iliyotiwa sukari sina la kusema.

Na waini inasafiri. Hapo ulanzi unashindwa vibaya, na nina ushahidi. Machi moja nilinunua ulanzi lita tano Mafinga, nikaufunga mfuniko kwa nguvu kama mafuta ya taa, nikauweka chini ya kiti. Basi lilikuwa bado lina levo siti, kila mtu kwenye kiti chake na barakoa yake, kimya kama kanisani. Tulipokaribia Iringa mfuniko ukaruka na mlio kama wa bunduki. Kondakta akapiga kelele, mama wa pembeni akalala chini, na ulanzi ukatoka kama chemchemi hadi kwenye dari. Kwa dakika mbili hakuna aliyekumbuka umbali wa mita moja. Ulanzi haufungwi, unazibwa na majani au mfuniko uliolegezwa, ili upumue. Chupa ya Dodoma utaifikisha Dar, utampa mama mkwe, ataiweka kabatini hadi Krismasi. Kwa bei ya hiyo chupa moja, msimu ukishamiri, Kilolo unabeba ndoo nzima. Ila ndoo hiyo ni ya leo na kesho.

Viwili vingine, kwa haraka

Utasikia watu wakisema mkifika Mbeya mjaribu kimpumu cha ulezi. Ni kinywaji kizuri cha wazee: chungu kimoja, kinaongezewa maji moto, kila mtu na mrija wake. Mrija wako mwenyewe unakudanganya kwamba uko salama, kumbe vichwa sita vimeinamia chungu kimoja vikipumuliana kwa saa tatu. Kwa sasa hapana. Nitakupeleka mwaka mwingine.

Waini ya rosela (choya) inayotengenezwa majumbani hapa Iringa ni kitu kingine. Haina ziara, unanunua dirishani, unakwenda kunywa kwako. Kwa mwenye mgonjwa nyumbani au mzee wa miaka themanini, ndiyo ninayoipendekeza, ingawa wengine wanaitia sukari hadi kijiko kinasimama. Kagua chupa kama ina nembo ya TBS, shirika la viwango, au ni ya kujitegemea.

Kwa hiyo ninyi sita

Kama mmoja wenu ni mama yako, na najua ni yeye kwa jinsi ulivyosema "tuko sita" bila kutaja majina, basi Dodoma kwa basi hapana. Dada yangu ana sukari, na saa tano ndani ya basi lililofungwa madirisha sitaruhusu hata kama amechanja. Yeye nitamchukua kwenda Kalenga, kilomita chache tu kutoka mjini, aone fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, halafu tukae nje uani kwangu na mtogwa nusu kikombe na mahindi ya kuchoma. Mahindi mabichi mwezi wa pili huenda bado; basi viazi.

Ninyi vijana, siku ya kwanza twende Kilolo alfajiri. Kundi la sita, nami nikiwemo, kwa mgema mmoja ni wengi, tutagawana watatu watatu kwa wagema wawili, na kila mmoja atampa mgema hela yake mkononi, si kupiga picha na kuondoka. Msiguse machipukizi, hata kwa kidole; mwanzi uliotikiswa kabla haujakomaa ni hasara ya mtu. Saa nne tumetoka.

Dodoma mwende kama tu mtakodi gari na dereva asiyekunywa, mmepiga simu, mmeambiwa saa, na mmeomba meza ya nje. Hayo manne yakitimia, nendeni kwa moyo wote, laleni huko, kuleni samaki Mtera wakati wa kurudi. Likikosekana moja, bakini kwangu. Na yule mwenzenu aliyesema kwenye kundi la WhatsApp kwamba anataka kuona kilabu cha usiku "kwa ajili ya utamaduni", mwambie utamaduni upo pia saa kumi jioni, nje, kwenye benchi la chini ya mwembe, kwa mama mwenye kikombe cha maua.

Vikombe njooni navyo sita. Changu siazimi.